Ng'ombe Mmoja, Majina Mawili



Ukienda dukani mjini ukashika kopo la nyama ya ng'ombe, hebu soma maandishi yake. Mara nyingi utakuta neno la Kiingereza "beef". Hutamkwa kama "bifu", ila ile "u" ya mwisho haisikiki. Sasa rudi nyumbani, umwulize mtoto wako anayesoma shule: "Ng'ombe kwa Kiingereza anaitwaje?" Atakujibu mara moja: "Cow". Neno hilo hutamkwa "kau".

Hapo ndipo mtu huanza kukuna kichwa. Je, nyama iliyomo ndani ya kopo si ya ng'ombe? Kama ni ya ng'ombe, mbona majina hayafanani hata kidogo? Sisi tunasema "ng'ombe", na nyama yake tunaiita "nyama ya ng'ombe". Mbuzi, nyama ya mbuzi. Kondoo, nyama ya kondoo. Mnyama hapotezi jina lake kwa sababu amechinjwa.

Jibu la swali hilo lina umri wa miaka mia nyingi. Ndani yake mna vita, mna ardhi iliyonyang'anywa, na mna watu waliofuga wanyama ambao nyama yao ililiwa na wengine. Basi leo tutaeleza neno "beef" lilitoka wapi, na linatufundisha nini sisi wakulima na wafugaji.

MAJINA YA ZIZINI NA MAJINA YA MEZANI

Kwanza tuyapange majina yenyewe, ili tuyaone vizuri.

Ng'ombe jike anaitwa "cow". Maksai, yaani dume aliyehasiwa, anaitwa "ox". Ndama anaitwa "calf". Kondoo anaitwa "sheep". Nguruwe anaitwa "pig". Haya ni majina ya mnyama akiwa hai, yuko zizini au malishoni.

Lakini nyama inapofika mezani, majina hubadilika. Nyama ya ng'ombe inaitwa "beef". Ya ndama inaitwa "veal". Ya kondoo inaitwa "mutton". Ya nguruwe inaitwa "pork".

Tazama sasa. Majina ya zizini ni ya Kiingereza cha asili, cha mababu wa Waingereza. Majina ya mezani siyo. Hayo yametoka katika Kifaransa, lugha ya watu wa Ufaransa. Kwa Kifaransa ng'ombe dume aliyehasiwa anaitwa "boeuf", na kutoka hapo ndipo Waingereza walipopata "beef". Vivyo hivyo Wafaransa husema "veau", "mouton" na "porc".

Tena liko jambo moja la kuchekesha. Wafaransa wenyewe hawana majina mawili. Kwao "boeuf" ni mnyama na "boeuf" ni nyama yake. "Mouton" ni kondoo na ni nyama yake pia. Kumbe katika jambo hili Wafaransa wako kama sisi! Walioachwa na majina mawili ni Waingereza. Ilikuwaje?

VITA VYA MWAKA 1066

Mwanzoni mwa mwaka 1066 mfalme wa Uingereza aliyeitwa Edward alifariki. Hakuacha mtoto. Mkubwa mmoja wa nchi hiyo, jina lake Harold, akatawazwa kuwa mfalme. Lakini ng'ambo ya bahari, kaskazini ya Ufaransa, alikuwako mtawala wa jimbo la Normandy aliyeitwa William. Yeye alidai kwamba kiti cha Uingereza ni haki yake.

Mwezi wa Septemba mwaka huo William alivuka bahari na majahazi yaliyojaa askari na farasi. Tarehe 14 Oktoba 1066 majeshi mawili yalipambana karibu na mji wa Hastings, kusini ya Uingereza. Harold aliuawa siku hiyo hiyo. Sikukuu ya Krismasi ilipofika, William alivikwa taji la ufalme kule London.

William na watu wake waliitwa Wanormani, na lugha yao ilikuwa Kifaransa. Ndiyo waliyozungumza nyumbani, ndiyo waliyotolea amri, ndiyo waliyoagizia chakula.

Basi baada ya ushindi, William aliwagawia wenzake ardhi. Mashamba ya makabaila wa Kiingereza yalichukuliwa wakapewa makabaila wa Kinormani. Upande wa kaskazini watu walipoasi, askari wa William waliteketeza vijiji, mazao na mifugo katika majira ya baridi ya mwaka 1069 kuingia 1070. Wengi walikufa kwa njaa.

Halafu mwishoni mwa mwaka 1085 William aliamuru nchi ihesabiwe. Maofisa wake walipita wakiuliza: Shamba hili ni la nani? Lilikuwa la nani zamani? Lina majembe mangapi ya kukokotwa na maksai? Lina watu wangapi? Habari hizo ziliandikwa katika kitabu kikubwa ambacho kimehifadhiwa London mpaka leo. Mwandishi mmoja Mwingereza wa wakati ule alinung'unika kwamba hata ng'ombe mmoja au nguruwe mmoja hakuachwa bila kuhesabiwa. Na kitabu hicho kinaonyesha kwamba baada ya miaka 20 tu, Waingereza waliobaki na mashamba makubwa walihesabika kwa vidole.

LUGHA TATU KATIKA NCHI MOJA

Baada ya hapo Uingereza ikawa nchi ya lugha tatu.

Lugha ya kwanza ilikuwa Kilatini. Hiyo ilitumika kanisani na katika maandishi ya serikali. Hata kile kitabu cha kuhesabia ng'ombe kiliandikwa kwa Kilatini. Mwenye ng'ombe hakuweza kukisoma.

Lugha ya pili ilikuwa Kifaransa. Hiyo ilikuwa lugha ya ikulu, ya majumba ya makabaila, na baadaye ya mabishano katika mahakama za mfalme.

Lugha ya tatu ilikuwa Kiingereza. Hiyo ilikuwa lugha ya shambani, ya zizini na ya jikoni kwa mtu wa kawaida. Waliokizungumza ndio waliokuwa wengi kupita wote, lakini hawakuwa na nguvu.

Wakulima wengi wa siku zile hawakuwa huru. Walifungwa na ardhi. Hawakuruhusiwa kuhama bila idhini ya kabaila. Kila juma walilazimika kufanya kazi siku kadhaa katika shamba lake kabla ya kushughulikia yao.

Ng'ombe walikuwa na kazi kubwa. Maksai ndio waliokokota plau. Hata sisi tunaolima kwa maksai tunajua kwamba huwezi kumchinja ovyo mnyama anayekulimia. Mkulima wa Uingereza alimwamsha maksai alfajiri, akamfunga nira, akamwita kwa Kiingereza: "ox". Mke wake alikamua maziwa ya "cow". Chakula chao cha kila siku kilikuwa mkate mweusi na uji mzito wa nafaka na njegere. Nyama nzuri ya ng'ombe haikuwa yao kila siku. Ilikwenda zaidi kwenye jumba la bwana. Na kule mezani iliitwa kwa Kifaransa.

Hata maneno ya upishi yanaonyesha habari hiyo. Neno la Kiingereza la kuchemsha, la kukaanga na la kubanika yote yametoka katika Kifaransa. Lakini neno la mkate na neno la maziwa ni ya Kiingereza cha asili. Chakula cha mnyonge kilibaki na jina la mnyonge.

SI KILA HADITHI TAMU NI KWELI YOTE

Mwaka 1819 mwandishi mmoja wa Scotland, Walter Scott, alitoa hadithi iliyoitwa Ivanhoe. Ndani yake yumo mchunga nguruwe na mchekeshaji wa bwana wao. Mchekeshaji anamweleza mwenziwe kwamba mnyama huwa na jina la Kiingereza maadamu anatunzwa na mtumwa wa Kiingereza, lakini akifika mezani kwa bwana anapewa jina la Kifaransa. Hadithi hiyo ilipendwa sana, na tangu hapo watu wengi hulieleza jambo hili kama alivyolieleza Scott.

Lakini sisi tuliojifunza kusoma tusikubali tu jambo kwa sababu ni tamu. Tulipime. Wataalamu wa lugha wamechunguza maandishi ya zamani, nao wameona mambo mawili.

Jambo la kwanza ni wakati. Neno "beef" halikuingia katika Kiingereza siku ile ya vita. Linaanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza karibu na mwaka 1300, yaani zaidi ya miaka 200 baadaye. Kwa nini lilichelewa? Kwa sababu kwanza wakubwa walizungumza Kifaransa chao wao kwa wao. Mwaka 1204 mfalme wa Uingereza alinyang'anywa Normandy na mfalme wa Ufaransa. Wakubwa waliobaki Uingereza wakaanza polepole kujiona Waingereza, na watoto wao wakaanza kuzungumza Kiingereza. Walipohamia katika lugha hiyo walihama na vyombo vyao, kama mtu ahamavyo nyumba na vyungu vyake. Maneno ya mezani yalikuwa miongoni mwa vyombo hivyo.

Jambo la pili ni maana. Kwa muda mrefu neno "beef" liliweza pia kumtaja ng'ombe aliye hai. Hata mwishoni mwa karne ya 16 ilikuwa hivyo. Wengi wetu tumesikia tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Katika Kiingereza chake, yule mkopeshaji Shylock anapotaja nyama ya kondoo, ya ng'ombe na ya mbuzi, wanyama wenyewe anawaita kwa yale majina ya Kifaransa, isipokuwa mbuzi. Mgawanyo wa leo, wa "cow" zizini na "beef" mezani, ulikomaa polepole mpaka karne ya 18.

Kwa hiyo Scott hakusema uongo mtupu, lakini alilifupisha jambo refu. Kweli, majina ya Kifaransa yalifika kwa sababu wenye meza walisema Kifaransa. Lakini hayakugawanywa kwa siku moja kama mtu akatavyo mkate. Yalikaa pamoja miaka mingi, kila moja likatafuta kazi yake. Na wako wanyama ambao hawakuguswa kabisa. Samaki akiwa majini anaitwa "fish", na akiwa sahanini anaitwa "fish" vilevile.

LUGHA YA WAKULIMA HAIKUFA

Sasa tufike kwenye jambo kubwa zaidi kuliko nyama.

Fikiri, ndugu msomaji. Umeshtakiwa kwa sababu ya mpaka wa shamba. Umesimama mahakamani. Wanasheria wanabishana juu yako, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Wewe husikii hata neno moja. Hujui nani anakutetea wala nani anakukandamiza. Hali hiyo iliwapata Waingereza katika nchi yao wenyewe.

Mwaka 1362 ilitungwa sheria iliyosema kwamba mabishano ya mahakamani yafanywe kwa Kiingereza. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni hii hii: watu hawaelewi Kifaransa, hivyo hawajui yanayosemwa kwa faida yao wala kwa hasara yao. Jambo la ajabu ni kwamba sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Na kumbukumbu za mashauri ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini.

Mwaka 1399 Henry wa Nne alidai ufalme mbele ya wakubwa wa nchi kwa kusema Kiingereza. Lakini haikuwa mpaka mwaka 1733 ndipo sheria mpya ilipoanza kutumika, ikaviondoa Kilatini na Kifaransa katika maandishi ya mahakama. Hesabu mwenyewe. Kutoka 1066 mpaka 1733 ni miaka 667.

Je, ni nani aliyekihifadhi Kiingereza wakati huo wote? Siyo wafalme. Ni mama aliyembembeleza mtoto wake kwa Kiingereza. Ni mkulima aliyewaita maksai wake kwa Kiingereza. Ni mchungaji, ni mkamuaji, ni mhunzi. Wakubwa walikuwa na sheria, na walikuwa na karatasi. Wakulima walikuwa na wingi wao na midomo yao. Mwishowe wajukuu wa wakubwa ndio waliojifunza lugha ya wakulima.

Baada ya miaka mingi Kiingereza hicho hicho kilivuka bahari kikafika kwetu, safari hii kikiwa lugha ya watawala. Iliyokuwa lugha ya wanyonge ikawa lugha ya kuwahukumia wanyonge wa nchi nyingine. Hapa Tanzania, ni mwaka 2021 ilipotungwa sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza bado kinaweza kutumika inapobidi. Basi tunapowasikia Waingereza wa zamani wakilalamika, tunawaelewa vizuri sana.

NENO HALITULII

Turudi kwenye "beef" yetu, maana safari yake haikuishia hapo.

Kufikia karne ya 18 Waingereza walikuwa wanajivunia nyama yao ya ng'ombe kupita kiasi. Walisema ndiyo inayowapa nguvu kuwashinda Wafaransa. Wafaransa nao wakawabandika jina la utani, wakawaita "rosbif", yaani wala nyama ya ng'ombe ya kubanika. Wote walisahau kwamba neno hilo lilikuwa la Wafaransa tangu mwanzo. Hata kipande cha nyama ambacho sisi tunakiita steki, Wafaransa wanakiita "bifteck", na neno hilo walilichukua kwa Waingereza. Neno lao lenyewe liliwarudia likiwa limevaa nguo mpya, nao wakalipokea kama mgeni.

Kisha katika karne ya 19 neno hilo liliingia katika lugha ya mitaani kule Marekani, likapata maana ya kunung'unika. Baadaye wanamuziki vijana wa huko wakalitumia kwa maana ya ugomvi. Kwa njia ya muziki likafika kwetu. Ukiwasikia vijana wakisema, "Wale wawili wana bifu," maana yake wana ugomvi. Usidhani wanagombania nyama! Lakini neno ni lile lile lililokuwa mezani kwa makabaila wa Kinormani.

Na kama hiyo haitoshi, wataalamu wa lugha wanatuambia kwamba "cow" na "beef" ni ndugu wa ukoo mmoja. Maelfu ya miaka iliyopita lilikuwako neno moja la ng'ombe katika lugha moja ya kale. Wana wa lugha hiyo walitawanyika. Upande mmoja neno likageuka taratibu mpaka likawa "cow". Upande mwingine likapitia Kilatini na Kifaransa mpaka likawa "beef". Kisha ndugu hao wawili wakakutana tena Uingereza, mmoja akiwa mchungaji, mwingine akiwa bwana. Hawakutambuana.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tusitishwe na neno kwa sababu ni la kigeni au limeandikwa kwa herufi nzuri. Ukiliuliza linatoka wapi, mara nyingi utakuta ni ng'ombe tu. Yule yule unayemchunga.

Pili, tusiidharau lugha ya shambani. Lugha inaweza kunyimwa kiti mahakamani na karatasi ofisini, na bado isife, maadamu wenyewe wanaizungumza na kuwafundisha watoto wao.

Tatu, kusoma ni kupima. Hadithi ya Scott ni nzuri, na imebeba ukweli. Lakini aliyetazama tarehe amejua zaidi kuliko aliyesikiliza hadithi peke yake.

Na mwisho, tujiulize swali ambalo majina haya mawili yamelificha: anayemfuga mnyama, je, naye anaila nyama yake? Waingereza wa zamani walilijibu swali hilo bila kujua, katika maneno yao ya kila siku. Sisi nasi tulijibu kwetu wenyewe, kila mmoja akitazama zizi lake na sahani yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini Kiingereza kina majina mawili, la ng'ombe na la nyama yake, lakini Kifaransa kina moja?

2. Sheria ya mwaka 1362 iliwasaidia wakulima kwa njia gani? Ni jambo gani ilishindwa kulibadilisha?

3. Katika kijiji chenu, ni maneno gani ya vyakula yaliyotoka katika lugha nyingine? Waulizeni wazee yalifika lini na yaliletwa na nani.

4. Kutoka zizi lenu mpaka kwenye bucha la mjini, ng'ombe anapita katika mikono mingapi? Ni nani anayepata zaidi, na ni nani anayepata kidogo?